Kuotesha mwati wa majani ya zambarau nyumbani, Dodoma

Mwati ninaouzungumzia si ule wa Njombe unaovunwa magome kwa ajili ya kusindika ngozi, bali ni ndugu yake wa mapambo, Acacia baileyana, wenye asili ya Cootamundra, New South Wales, nchini Australia. Aina yake iitwayo Purpurea huchipua majani ya zambarau, ambayo yakikomaa hugeuka kijivu cha fedha.

Anza mwezi Septemba, ili miche iwahi mvua za Desemba. Kwa kuwa ganda la mbegu ni gumu, zimwagie maji yaliyotoka kuchemka, uziache humo hadi asubuhi, kisha upande zile zilizovimba. Zilizobaki ndogo na zenye kung'aa hazijapenywa na maji, hivyo rudia. Panda mbegu mbili katika kila kiriba, kina cha sentimita 1. Mwaka wangu wa kwanza nilisia zote katika trei moja, na nilipohamisha miche mingi ilinyauka, kwani mzizi mkuu wa mwati haupendi kuguswa. Si kila mche hurithi zambarau, kwa hiyo chagua kwa macho kabla ya kupanda bustanini.

Mvua zikishika, chimba shimo la sentimita 60 kila upande mahali penye jua la kutwa, kwa sababu kivulini rangi hufifia. Pasua kiriba kwa wembe bila kuvunja udongo. Changanya samadi kidogo tu iliyooza. Mbolea ya chumvichumvi haihitajiki, maana bakteria walio mizizini huupatia mti naitrojeni. Tandaza nyasi, lakini ziache mbali na shina kiasi cha kiganja, la sivyo mchwa watalifikia, kisha zungushia miiba dhidi ya mbuzi. Kiangazi cha kwanza mwagilia ndoo moja jioni, mara mbili kwa juma. Mti ukishika mizizi huvumilia ukame vizuri.

Zambarau hukaa kwenye machipukizi, hivyo kila baada ya maua ya njano kuisha pogoa theluthi ya matawi machanga, wala usikate hadi kwenye tawi nene la zamani lisilo na majani, kwa kuwa halichipui tena kwa urahisi. Wakati huohuo kusanya maganda ya mbegu kabla hayajapasuka na uyachome, kwani Afrika Kusini mti huu umekuwa vamizi.