Kabla hamjanunua gari la jeshi kuwa ofisi ya maafa

Masika yakikolea na maji yakifunga Barabara ya Morogoro pale Jangwani, Dar es Salaam, huwa nasikia pendekezo lilelile: manispaa, au mji mdogo wa jirani, ununue gari la jeshi lililoondolewa kazini liwe kituo cha kuongozea uokoaji. Pendekezo si baya. Magari hayo yana chesisi nzito, injini zake nyingi ni za dizeli zisizo na kompyuta, na mnadani bei yake inaweza kuwa chini sana ya ile ya Land Cruiser mpya. Tatizo ni kwamba wengi wanaolipigia debe wanawaza gari la kuingia majini, ilhali kamati ya maafa inahitaji gari la kusimama mahali pakavu na kufanya kazi usiku kucha. Kamati isipozitenganisha kazi hizo mbili tangu kikao cha kwanza, itapata matairi marefu na kukosa ofisi.

Kumbukeni Gongo la Mboto, Dar es Salaam, Februari 16, 2011. Mabomu yalilipuka usiku katika ghala la jeshi, watu wakakimbia kila upande, na watoto wengi wakapotezana na wazazi wao. Au Katesh, Desemba 3, 2023, tope lilipoporomoka kutoka Mlima Hanang na kuua watu zaidi ya 80 katika mji mdogo na vijiji vyake. Siku kama hizo wanafika Zimamoto, polisi, wanajeshi, Msalaba Mwekundu, waganga, na ndugu wanaotafuta watu wao. Lazima awepo anayejua nani anatafuta upande gani, barabara ipi inapitika, na mtoto aliyeokotwa amepelekwa wapi. Orodha hiyo ya watoto ndiyo kazi ya gari hili. Ikilowa, au ikibaki kwenye simu ya mtu mmoja iliyozima, familia inazunguka siku nzima kwa uchungu usio na sababu.

Kwa hiyo anzeni na hesabu ya watu watakaokaa ndani wakiandika. Kwangu mimi hawapungui wanne: kiongozi, mtu wa redio, mtunza kumbukumbu na mtu wa ramani. Wanahitaji meza, mwanga, hewa, na mlango unaofungika mvua ikipiga kwa upande. Lori la kubebea askari lenye turubai linaondoka kwenye orodha hapo hapo, hata likiwa zima kiasi gani. Lililokuwa gari la wagonjwa la jeshi, au la mawasiliano lenye bodi ya boksi, lina kuta, taa na nafasi ya kufungia vifaa. Mkilikuta hilo, litazameni kwa makini kuliko yote.

Umeme ndio unaostahili kikao kizima. Magari mengi ya jeshi hutumia volti 24, kutoka betri mbili za volti 12 zilizounganishwa mfululizo, wakati redio za gari na chaja zetu nyingi ni za volti 12. Njia ya mkato ni kuvuta waya kutoka betri moja tu kati ya hizo mbili. Msikubali. Betri hiyo itakuwa inaishiwa huku mwenzake ikichajiwa kupita kiasi, na baada ya muda zote zimekufa. Fungeni kifaa cha kushusha volti 24 hadi 12, kisha wekeni betri za pembeni za ofisi, zilizotenganishwa na zile za kuwashia injini. Pigeni hesabu pia: betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, na ya kawaida ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu. Laptopu mbili, taa na redio vikila wastani wa wati 150, mna saa nne tu. Baada ya hapo ni jenereta, nayo ikae mbali na milango na upande ambao upepo hauingizi moshi ndani. Monoksidi ya kaboni haina harufu, na watu waliochoka hawajui kwamba wanalewa.

Mawasiliano yasitegemee simu peke yake. Umeme ukikatika, mnara wa simu unabaki na betri na jenereta yake, na mafuta yakiisha unazima. Redio za upepo zinahitaji masafa yenye leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, hivyo maombi yatangulie gari. Kama kuna mlingoti wa antena, awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni kutazama nyaya za TANESCO kabla haujainuliwa.

Sasa hayo maji. Humvee, lile gari pana la jeshi la Marekani, ikiwa ya kawaida isiyo na vifaa vya ziada, imeundwa kuvuka maji ya kina cha sentimita 76. Wanunuzi hulipenda jambo hilo, lakini maji ya Mto Msimbazi yaliyofurika yanatembea, yanabeba magogo na takataka, na yanaficha mashimo na kingo za barabara zilizobomoka. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 60 yanaweza kuchukua magari mengi. Gari lenye redio zote za mji halina ruhusa ya kujaribu bahati huko. Liegeshwe juu, na kuingia majini waachiwe wenye boti na kamba.

Kwenye aina za magari nitasema wazi: Humvee siipendekezi. Usukani uko kushoto, upana unakaribia mita 2.2, na vichochoro vya Tandale au Manzese havitaipokea. Zilizouzwa kwa raia huko Marekani nyingi ziliuzwa kwa sharti la kutotumika barabarani, na kuzitoa nchini humo kunadhibitiwa. Matairi yake ni ya inchi 37 kwenye rimu ya inchi 16.5, saizi ambayo mtaitafuta Kariakoo hadi jioni. Unimog, lori la Mercedes-Benz, ni mashine ya ajabu kwenye tope, ila yale ya jeshi la Ujerumani nayo yana usukani kushoto, na ekseli zake zinataka fundi anayezijua. Land Rover za jeshi la Uingereza ziko karibu nasi zaidi. Nyingi zina usukani kulia, Defender nyingi za miaka ya 1990 zina injini ya dizeli ya 300Tdi ya lita 2.5, na tairi la 7.50R16 ni lilelile la Land Cruiser nyingi za kazi. Kuna zilizotengenezwa kuwa ambulansi. Baadhi ni za volti 24 na nyingine 12, ulizeni kabla. Piteni na nyundo ndogo chini ya chesisi, hasa kwenye boriti ya nyuma inayokata chesisi, kwa sababu bodi ya aluminiamu hung'aa huku chuma cha chini kimeliwa. Kwa mji utakaoliegesha Kigamboni au pwani yoyote, kutu hiyo itaongezeka haraka.

Tena someni tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT kwenye tairi: wiki na mwaka lilipotengenezwa. Gari lililolala ghalani linaweza kuwa na matairi yenye kashata nzima na mpira uliokufa.

Na kama hakuna ambulansi ya jeshi iliyo safi, nunueni Coaster, basi dogo la Toyota, yenye injini ya dizeli ya 1HZ. Najua haina mvuto wa gari la jeshi. Ina viti, madirisha na paa refu, na Gerezani kuna mafundi wanaoifahamu injini hiyo.

Makaratasi yaende sambamba: ushuru, ambao hupanda gari likiwa kuukuu, ukaguzi wa TBS (shirika la viwango), usajili, bima, na kibali cha king'ora. Rangi ya jeshi iondolewe yote kabla halijaingia barabarani, raia wasije wakadhani wameshukiwa na operesheni. Tengeni pia fungu la spea na la dereva mwenye daraja sahihi la leseni, la sivyo gari litaishia chini ya mwembe wa halmashauri.

Kabla ya kulipa, ombeni jaribio la usiku mmoja. Ingieni wanne saa 12 jioni, washeni taa, redio na kompyuta, fungeni mlango, na tumeni vijana watatu kwenye mitaa ya mbali wawe wanaripoti kila nusu saa hadi alfajiri. Andikeni kila ripoti kwenye daftari. Saa 12 asubuhi geuzeni ufunguo bila kusukuma gari na bila kuazima betri. Lisipowaka, mwenye nalo abaki nalo.