Somo: Kutambua Visukuku vya Konokono wa Baharini Kabla ya Kuuliza Jina

Wengi wanaorudi Nairobi kutoka Pwani wakiwa na jiwe lenye kisukuku (mabaki ya kale yaliyohifadhiwa katika mwamba) cha konokono hulipiga picha moja ya mgongoni, kisha wanauliza jina. Kwa picha hiyo siwezi kusema lolote la maana, kwa hiyo naandika hapa utaratibu mzima, na atakayeuliza baada ya leo nitamwomba aanzie hapa.

1. Andika mahali ulipokiona. Mawe ya Nairobi ni ya volkano na hayana konokono wa baharini, hivyo gamba uliloliokota uani lililetwa na mtu. Jiwe la matumbawe la mwambao wa Kenya, kwa upande wake, sehemu yake kubwa ni mwamba wa miaka 125,000 hivi iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa. Wengi wa konokono wake bado wanaishi katika Bahari ya Hindi, na unaweza kuwalinganisha na walio hai.

2. Safisha kwa maji na mswaki laini. Usitumie siki wala ndimu, kwa maana asidi hula gamba.

3. Hakikisha kama ulicho nacho ni gamba au ni kalibu, yaani jiwe lililobaki na umbo la gamba lililoyeyuka. Hatua hii ndiyo inayopotosha majina mengi, na naomba isomwe polepole. Gamba la konokono kwa kawaida ni aragoniti, madini yanayoyeyuka upesi maji ya mvua yanapopenya kwenye mwamba, ilhali gamba la chaza ni kalisiti, ambayo hustahimili zaidi. Ndiyo maana katika jiwe moja utamkuta chaza mzima kando ya tundu tupu la konokono. Tope lililokuwa limejaa ndani ya gamba hugeuka jiwe na kubaki peke yake. Kalibu hiyo ya ndani haina mistari wala miiba ya nje, mizunguko yake imeachana, na katikati mara nyingi kuna uwazi palipokuwa na nguzo ya gamba. Usiipe jina la spishi kwa umbo lake tu, kwa sababu konokono wa jamii tofauti kabisa huacha kalibu zinazofanana. Usiitupe wala usiikwangue ili «ipendeze». Tafuta upande wa pili wa jiwe: ukiona tundu lenye chapa ya nje, bonyeza humo udongo laini wa kuchezea watoto, na mapambo ya gamba yatatokea.

4. Soma mdomo, yaani tundu analotokea konokono. Shika gamba ncha ikiwa juu na mdomo ukikuelekea. Karibu kila mara mdomo utakuwa kulia. Mdomo mwembamba wenye meno pande zote mbili ni wa kauri. Mdomo mrefu, mwembamba, usio na meno, kwenye gamba la umbo la pia, ni wa Conus (hili na mengine kama hili hapa chini ni majina ya kisayansi ya konokono). Mdomo wa nusu mwezi kwenye gamba la mviringo ni wa Natica. Kwa magamba marefu yaliyochongoka, tazama chini ya mdomo: Terebra ana pengo, Turritella hana.

5. Piga picha ya mdomo, mgongo na ncha, sarafu ikiwa kando.

Maswali

Swali: Hii ni nini? Nimeweka picha.
Jibu: Picha ni ya mgongo, na mahali hapajatajwa. Tafadhali rudi hatua ya 1 na ya 5.

Swali: Naweza kuviuza kwa watalii?
Jibu: Sijaandika somo hili kwa ajili ya biashara. Sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na urithi wa taifa inakataza kuchimba visukuku au kuvipeleka nje ya nchi bila kibali. Ukiona kitu cha ajabu, kiache mahali pake na uwaarifu Makumbusho ya Taifa.

Swali: Mwalimu, shikamoo. Niliona magamba marefu yaliyochongoka karibu na Koobi Fora, kando ya Ziwa Turkana, yasiyo na pengo mdomoni. Je, Turkana iliwahi kuwa bahari?
Jibu: Marahaba. Umetazama vizuri sana, na swali lako linaonyesha kwa nini mahali hutangulia umbo. Hao yaelekea ni Melanoides, konokono wa maji baridi anayefanana na Turritella. Tabaka za huko zina pia Bellamya na Cleopatra, wote wa ziwani na mitoni.

Swali: Lakini si nyangumi alipatikana huko?
Jibu: Ndiyo, Loperot, magharibi mwa ziwa, wa miaka milioni 17 hivi. Watafiti wanaona kwamba alipanda mto kutoka baharini wakati nchi ile ilikuwa bado chini. Ukitaka kuthibitisha bahari, tafuta matumbawe na konokono wa baharini wakiwa pamoja katika tabaka moja.

Swali: Gamba langu lina tundu dogo la duara. Limeharibika?
Jibu: Hapana, na usilizibe. Tundu pana kwa nje na jembamba kwa ndani kwa kawaida hutobolewa na jamii ya Natica, ambao hula wenzao. Lipige picha kwa karibu, mwanga ukitoka ubavuni.