Somo: Kutia grisi boljointi zisizo na nipo kwenye pikapu ya zamani

Boljointi ni kiungo cha chuma kinachoshikilia tairi la mbele kwenye mkono wa gari. Iliyofungwa kiwandani haina nipo (kichuchu cha kupitishia grisi), kwa hiyo wengi huiacha mpaka ianze kulia. Grisi ya ndani hudumu ilimradi raba inayoifunika jointi ni nzima. Lakini pikapu inayoshuka kwenye mialo ya Mwanza, Kirumba Mwaloni au Igombe, kubeba dagaa, tairi zikikanyaga maji na mchanga, raba yake huchoka mapema. Maji yakipenya, grisi inakuwa uji wa kijivu na mchanga unaanza kusaga chuma.

1. Pima kwanza. Usiruke hatua hii. Zuia tairi za nyuma kwa mawe, nyanyua mbele, weka stendi. Usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Kama springi imekaa kwenye mkono wa chini, stendi iwe chini ya mkono huo, karibu na tairi, ili boljointi ya chini isibebe uzito. Mwenzako apenyeze nondo chini ya tairi anyanyue taratibu, wewe mulika tochi kwenye jointi. Ikicheza juu na chini, ishia hapo ununue mpya. Grisi hairudishi chuma kilicholika, na boljointi ikichomoka ukiwa mwendoni tairi linalala.

2. Safisha. Brashi, kisha kitambaa kikavu. Petroli usiguse, inaharibu raba.

3. Andaa grisi. Tumia ya lithiamu, EP (ya kuhimili mgandamizo mkubwa) namba 2. Kama huna sindano ya bomba la grisi, nenda duka la dawa za mifugo: sindano nene ya geji 14 na bomba la mililita 10, lile ambalo sindano inafungwa kwa kuzungushwa. La kuchomeka tu litaruka ukisukuma. Piga tupa ncha ya sindano mpaka iwe butu. Chomoa mtiti (kijiti cha kusukumia), shindilia grisi kwa kidole pasibaki hewa.

4. Ingiza. Usitoboe raba! Kata usukani mpaka mwisho upate nafasi, kisha telezesha sindano kwenye mdomo mwembamba wa raba, pale unapokumbatia shina la jointi. Sukuma kidogo kidogo huku kidole kikiwa juu ya raba. Ikijaa na bado inabonyea, acha. Ukizidisha inapasuka au inachomoka kwenye ringi yake. Zungusha usukani kulia na kushoto, futa inayotoka.

Maswali

*Mkuu, mimi niko Sengerema. Raba imepasuka lakini jointi haichezi. Nibadilishe raba tu?*
Ndiyo, kama grisi ya ndani bado safi. Pima upana wa juu na wa chini wa raba ya zamani kabla ya kwenda dukani. Ukikuta grisi ina rangi ya kutu, badilisha jointi nzima.

*Fundi wangu Nyakato anataka kutoboa kwa drili aweke nipo.*
Mkatalie kaka. Vumbi la chuma linabaki ndani na kikombe cha jointi kinapungua nguvu. Ila zipo boljointi zenye skrubu ndogo chini. Hiyo inafunguliwa, unafunga nipo ya uzi uleule.

*Shikamoo fundi. Grisi ya beringi za tairi inafaa?*
Marahaba. Inafaa ikiwa ni ya lithiamu. Usichanganye na grisi iliyotengenezwa kwa udongo (bentonaiti), zikikutana hulainika na kuvuja. Na kila unapomwaga oili ya injini, ingia chini uzikague raba zote, za tairodi (fimbo za usukani) pia.