Hawa Watu Wako Hawana Mama?

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga. Usiku nikishafunika cherehani naandika simulizi. Nazituma kwenye simu sehemu kwa sehemu, na asiyeweza kusubiri hunitumia shilingi 1,000 nikampa yote kwa mkupuo. Simulizi yangu ya kwanza ilikuwa na sehemu 42. Binti alikuwa mrembo mwenye umbo namba nane, kijana alikuwa mtanashati mwenye sauti nzito, gari jeusi, jumba la ghorofa. Watu walisoma. Siku moja bibi mmoja, mteja wangu, nikiwa nampima mabega, akaniambia mjukuu wake humsomea zile hadithi. Nikajivuna. Akanyamaza mpaka futi ikafika kiunoni, ndipo akauliza: "Hawa watu wako hawana mama?"

Nilicheka, lakini nililala nalo. Sehemu 42, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na mama, dada, jirani, wala mtu wa kumdai. Walitokea tu, wakapendana, wakagombana, wakapendana tena. Tangu hapo siandiki mtu mmoja. Naanza na wawili. Nitaeleza ninavyofanya kwa kutumia simulizi niliyo nayo mkononi sasa, ya Rehema na wifi yake Mwantumu.

Anza na deni

Watu wa karibu wote wanadaiana, na sisemi pesa tu. Mmoja aliacha shule ili mwenzake asome. Mmoja alinyamaza siku ambayo angesema. Kabla ya sentensi ya kwanza nafungua daftari la vipimo, ukurasa wa nyuma, naandika: huyu anamdai huyu nini? Halafu swali la pili, na hilo ndilo lenye kazi: huyo mwingine anajua kwamba anadaiwa? Na kama anajua, hesabu yake ni hiyo hiyo?

Mwantumu ndiye aliyemtafutia kaka yake mke. Alipanda basi mwenyewe mpaka Pangani kumwangalia Rehema, akarudi akimsifu, kaka akaoa. Kwa hesabu ya Mwantumu, kila kitu alichonacho Rehema mjini kimetoka mkononi mwake. Kwa hesabu ya Rehema, deni hilo lilikwisha zamani. Mwantumu alipoachika alirudi kwa kaka yake na watoto, akakaa chumba cha uani miaka sita, na aliyekuwa akipika sufuria kubwa kila siku ni Rehema. Kila mmoja anamwona mwenzake ndiye mdaiwa, na wote wawili wanasema kweli. Nikishapata hesabu mbili zisizolingana namna hiyo, sihitaji mchawi wala ajali ya gari. (Ajali ya gari niliitumia mara tatu katika ile simulizi ya kwanza. Mara mbili kwa mtu yule yule.)

Kaulize wanaojua

Mume wa Rehema amefariki, na Rehema ni kizuka, yuko ndani kwa eda ya miezi minne na siku kumi. Hapa ningeweza kuandika "ndugu wa mume wakataka kumdhulumu mjane" nikaendelea. Nimesoma hadithi za namna hiyo nyingi mno. Nikaona bora niende kwa shehe wa mtaani kwetu nikamuulize: marehemu ameacha mke, mabinti wawili na dada wa baba mmoja mama mmoja. Wazazi na babu wametangulia, na ndugu mwingine hakuna. Nani anapata nini?

Akachukua kalamu. Baada ya kulipa madeni, mali igawe mafungu 24. Mke ana thumuni, yaani mafungu matatu. Mabinti wana theluthi mbili, mafungu 16. Yanabaki matano, na hayo ni ya dada. Angekuwapo mtoto mmoja wa kiume, dada asingepata kitu.

Nilirudi nyumbani natembea haraka kama nimeokota pesa. Nyumba ya marehemu nilikuwa nimeshaipa vyumba vitano. Matano katika 24 hayafiki mbali na chumba kimoja. Basi Mwantumu si dhalimu, ana haki yake, na haki yake ni kama chumba kile kile cha uani alicholala miaka sita kwa hisani. Na hilo neno la mtoto wa kiume likaniletea jambo ambalo sikuwa nalo kabisa: Rehema aliwahi kuzaa mtoto wa kiume, akafa ana siku saba. Aliyemwosha ni Mwantumu, na siku ile alilia kuliko mama mtu. Leo anapata chumba kwa sababu mtoto yule hayupo. Wote wawili wanalijua hilo. Katika simulizi nzima hakuna atakayelitamka.

Ningekaa chumbani nikibuni, nisingelipata. Kwa hiyo nenda. Mhusika wako akiwa mvuvi, kaulize samaki wanagawanywaje na mwenye chombo anachukua nini. Mambo ya watu yamekaa kwenye mgao.

Wanaitanaje

Lugha yetu imetupa kitu kikubwa, na wengi tunakipita. Orodhesha watu watano waliomzunguka mhusika, andika kila mmoja anamwitaje. Rehema kwa mama yake ni Mwanangu. Kwa mumewe alikuwa Bibiye, na akitajwa kwa jina lake alijua pamechafuka. Kwa majirani na muuza mkaa ni Mama Zaina. Kwa Mwantumu ni Wifi, tangu siku ya kwanza.

Halafu tafuta siku jina linapobadilika. Katika simulizi yangu ni wiki ya tatu ya eda. Jana yake Mwantumu aliuliza, "Wifi, umekula?" Leo anauliza, "Mama Zaina, umekula?" Chakula ni kile kile, sauti ile ile. Lakini mtu aliyewaunganisha amezikwa, na Mwantumu ameanza kumhesabu Rehema na majirani. Sikuongeza maelezo. Wasomaji wawili walinipigia simu usiku ule.

Adabu nayo iangalie. Nilikuwa na wateja wawili wanawake, mashoga wa kufa na kuzikana, wakija kwangu ni matusi matupu. "Fundi, huyu mpunguzie kitambaa, kiuno hana, ana mchi." Mmoja ndiye aliyekuwa akilipia sare za wote wawili, wenyewe watajuana mbele. Siku moja wakaja, mmoja akamwambia mwenzake, "Karibu, pita wewe kwanza." Kila mtu akatoa pesa yake. Sikuuliza. Niliandika vipimo na moyo unaniuma. Sisi watu wa karibu tunataniana, na heshima tunampa mgeni. Ukitaka kuonyesha kwamba kitu kimekatika kati ya watu wawili, usiwagombanishe. Wape adabu.

Na jina alilopewa mtu kuzaliwa lisikupite. Shaaban Robert, mtu wa Tanga hii hii, aliwaita watu wake Karama na Utubora, kwa kuwa alikuwa akijenga mafumbo ya tabia. Katika simulizi ya mtaani jina la hivyo linamaliza utamu mapema. Lakini majina yetu ya kawaida yana hadithi ndani yake: Mwanaidi alizaliwa Idi, Saumu mwezi wa kufunga, Tabu mama yake aliona taabu. Tumia hayo kabla hujamkimbilia Brian.

Wape kazi ya mikono

Rasimu yangu ya kwanza ya ugomvi wao ilikuwa hivi:

"Rehema, nina hasira na wewe kwa sababu mimi ndiye niliyekuleta katika nyumba hii, na sasa unataka kuninyima haki yangu," alisema Mwantumu kwa hasira.

Hasira mara mbili katika sentensi moja, na bado hakuna aliyekasirika. Nikawapa ungo na mchele, nikaandika upya:

Mwantumu alipepeta, akapuliza makapi.
"Chumba cha uani bado kinavuja?"
"Kinavuja juu ya mlango."
"Palepale."
"Palepale."
"Marehemu alisema atatia bati jipya."
Rehema aliokota chuya, akaiangalia, akaitupa. "Alisema mengi."
"Mama Zaina, mimi sikuja kugombana."
Ungo ukasimama.
"Mama Zaina ndiye nani?"

Hakuna aliyetaja haki, wala hasira, wala nani alimleta nani. "Palepale" moja inamwambia msomaji kwamba huyu mwanamke alilala pale mvua ikimdondokea. Kazi ya mikono inasaidia kwa njia nyingine pia: mtu anayechagua mchele ana pa kutazama asipotaka kukutazama. Mimi huwapa kumenya vitunguu, kukunja nguo, kusuka ukili, chochote kinachofanyika kwetu wanawake wakiongea. Kwa wanaume weka nyavu za kushona au bao la kete.

Angalia pia kwamba ndimi zao hazifanani. Mwantumu huuliza, hata anapotaka kusema jambo. Rehema hujibu kwa kurudisha neno la mwenzake. Ukifuta majina utajua nani kasema nini. Jaribu kwenye ukurasa wako, na kama wote wanasikika kama wewe, usitume.

Kanga yenye jina la kumpasha wifi usiitie. Najua hutokea, nimezikata na kuzipinda mwenyewe, tena nyingine nikazisoma nikaona aibu. Lakini kila anayeandika mawifi anaanza na kanga, na msomaji ameshachoka. Na methali: mtu akisema methali kila akifungua mdomo, huyo si mhusika, ni kalenda.

Mlete mtu wa tatu

Wawili wakikaa peke yao muda mrefu watadanganyana, na watakudanganya na wewe. Kinachowaumbua ni mtu wa tatu. Kwenye msiba alikuja mtani wa marehemu, kama watani wanavyokuja. Akatembea uani akichechemea kama marehemu alivyochechemea, akadai hamtoi maiti mpaka alipwe, akaigiza marehemu anavyoomba chai. Rehema, ndani, katikati ya kilio, akacheka. Kicheko kile kilimtoka tu. Waliokuwa karibu wakacheka na kulia naye. Mwantumu hakucheka. Aliweka akiba. Miezi miwili baadaye, anapotaka sababu ya kuwa mgumu, anakwenda kukitoa kicheko kile.

Sasa geuza upande wa pili. Jirani anakuja kwa Mwantumu kusengenya: ati kizuka amesikika akiongea na simu usiku wa manane. Mwantumu, aliyekasirika, anayedai chumba, aliyeacha kumwita Wifi, anamwambia: "Wifi yangu akiongea na simu, bili nalipa mimi. Wewe umepungukiwa nini?" Hapo neno Wifi limerudi, na Rehema hakulisikia. Msomaji peke yake analo. Kwangu mimi hilo ni bora kuliko kuwakumbatisha.

Kwa wapenzi mambo ni yale yale: deni, jina, kazi, mtu wa tatu. Nitaongeza moja tu. Tunajaza kurasa kwa "nakupenda" wakati mapenzi ni habari ambazo mmoja anazo juu ya mwenzake na watu wengine hawana. Aliwahi kuja mzee mmoja na gauni la mkewe lililokuwa tayari, mke anaumwa, hakuja. Akalishika kwenye kwapa, akaniambia, "Hapa legeza kidogo. Hapendi kubanwa hapa, ila hatakwambia." Akalipa akaondoka. Mhusika wako wa kiume mpe sentensi moja ya namna hiyo, umpokonye gari jeusi.

Usiwapatanishe mapema

Wasomaji watakuandikia: wapatane, wapatane. Mimi ninao wanaotishia kudai pesa zao. Shikilia. Upatanisho wa machozi na "nisamehe" huwa unafuta ule ugumu wote ulioujenga. Natafuta tendo dogo ambalo linalipa sehemu ya deni bila kukiri kwamba deni lilikuwapo. Kwa sasa nina mawili na sijachagua. La kwanza, Rehema akitoka eda anaita fundi wa bati, anatengeneza paa la chumba cha uani, kisha anamkabidhi Mwantumu ufunguo bila neno. La pili, Mwantumu anakuja na godoro lake, anakuta paa linavuja vile vile, anaweka sufuria chini ya tone, na Rehema anamletea sufuria kubwa zaidi. Naelemea la pili, kwa sababu ile sufuria kubwa ni ya miaka sita ile.

Yule bibi gauni lake bado liko kwangu, mikono haijawekwa. Kila akija kulidai anakaa kwanza kwenye kiti, anauliza, "Mwantumu kapewa chumba?" Namjibu kama ninavyomjibu kuhusu gauni: njoo Ijumaa.