Hospitali imekataa utoke juu ya bili? Soma hii kabla hujauza shamba

Wakenya tumezoea hii kitu mpaka tunadhani ni sheria: daktari amesema mgonjwa amepona aende nyumbani, lakini askari wa geti anataka karatasi ya kutoka, na hiyo karatasi hupewi mpaka bili iishe. Binamu yangu alikaa hivo siku kumi na moja baada ya operesheni na kila siku anachajiwa kitanda, yaani deni linazaa deni.

Sasa elewa hivi. Deni ni lako na utalidaiwa, ila wewe mwenyewe si rehani. 2015 Mahakama Kuu iliamua kesi ya wamama wawili waliofungiwa Pumwani, hospitali ya uzazi ya Nairobi, baada ya kujifungua, mmoja bili yake ilikuwa 3,600 tu (ndio, elfu tatu na mia sita), na ikasema haki zao zilivunjwa, walipwe fidia. 2018 ikarudia kuwa kumzuilia mgonjwa si njia ya kudai pesa, hospitali ishtaki kama mdai mwingine yeyote. Hata maiti: huko Mombasa 1998 korti ilisema mwili wa marehemu si mali ya kushikiliwa mochari juu ya bili. Na ukifika ukiwa hali mbaya hawawezi kukukatalia matibabu ya dharura eti weka depoziti kwanza, hiyo iko kwa Katiba kifungu cha 43.

Kwa hivo siku unaruhusiwa kwenda, piga picha ile karatasi ya daktari, tarehe ionekane vizuri, ndio ukizuiliwa uonyeshe ni kuanzia lini. Halafu omba bili yenye kila kitu, kila dawa na kila glavu na bei yake, uipitie pole pole na mtu mwenye macho makali. Uliza SHA, ile bima ya afya ya serikali, imelipa ngapi. Kama ni hospitali ya serikali, tafuta ofisi ya ustawi wa jamii kabla hujaenda kubishana na watu wa akaunti, maana huko ndio huanzia maombi ya kupunguziwa au kusamehewa.

Kinachobaki, andika barua ya kulipa mdogo mdogo, na usiandike elfu ishirini kwa mwezi na mshahara ni kumi na tano. Kopi yako ipigwe muhuri. Wakitaka hati ya shamba, mimi nakwambia usiiache.

Wakikataa kabisa usitoroke usiku. Kifungu cha 22 kinaruhusu mtu mwingine akuendee korti ukiwa huko ndani, na kufungua kesi ya haki za kikatiba hakulipiwi ada. Kituo cha Sheria husaidia wasio na pesa ya wakili, FIDA, chama cha mawakili wanawake, nayo husaidia wamama, na saa zingine barua ya wakili peke yake inafungua geti.

Wakikushtaki baadaye, tafadhali usitupe samansi (barua ya korti ya kukuita) kwa droo, hapo ndio watu wengi huumia, kwa sababu ukinyamaza kesi inaamuliwa bila wewe na wanaokuja kubisha ni madalali wa kubeba viti. Nenda, sema unakubali kiasi gani na unapinga kipi, uombe kulipa kwa awamu, hakimu ana uwezo wa kukubali. Na zile mesej za M-Pesa za kila mwezi usifute.