Maharage ya nazi, mchicha na ugali wa dona: mlo wa jioni wa watu wanne

Maharage yakiharibika, mara nyingi kosa si viungo. Kosa ni mpangilio: nyanya imetiwa mapema, tui limetiwa moto ukiwa mkali, magadi yametumika kufidia usiku ambao maharage hayakulowekwa. Ukishika mpangilio, mlo huu hauhitaji mafuta mengi wala vidonge vya mchuzi, na ladha yake inatosha kabisa. Kwa hiyo mwongozo huu unakaa muda mrefu kwenye maharage, kwa sababu huko ndiko kazi iliko. Mchicha na ugali ni mambo ya dakika chache.

Mahitaji

Maharage: nusu kilo ya maharage makavu (utaichemsha yote, nusu utaiunga leo, nusu utaiweka akiba), nusu ya nazi iliyokomaa, kitunguu maji 1 kikubwa, karoti 1, nyanya 2 zilizoiva vizuri, punje 3 za kitunguu saumu, nusu kijiko cha chai cha bizari ya manjano, nusu kijiko cha chai cha chumvi.

Mchicha: mafungu 2 makubwa, kama nusu kilo kabla ya kuchambua, kitunguu 1 kidogo, nyanya 1, kijiko 1 cha chakula cha mafuta ya alizeti, robo kijiko cha chai cha chumvi.

Ugali: gramu 600 za unga wa dona na maji lita 1.3 hivi.

Na ndimu 1 ya kukamulia mezani.

Kuchagua maharage sokoni

Maharage ya msimu huu yana mng'ao na ngozi iliyonyooka. Yaliyokaa ghalani muda mrefu hufifia rangi, mengine hukunjamana, na haya yanaweza kuchemka saa tatu yasilainike. Hakuna ujanja wa jikoni unaoyarudisha yakawa mapya, hivyo mwulize muuzaji yameingia lini. Kama una haraka au mkaa ni wa kubana, nunua ya njano: huiva upesi kuliko mekundu makubwa na mchuzi wake huwa mzito wenyewe.

Yamwage kwenye ungo, uyapepete, kisha uyachambue kwa mkono. Toa mawe, yaliyovunjika, yaliyobunguliwa na yenye ukungu. Usiruke hatua hii hata kama mfuko umeandikwa kwamba yameshasafishwa.

Hatua ya 1: Kuloweka

Osha mara mbili, kisha loweka nusu kilo kwenye lita 2 za maji kwa saa 8 hadi 12. Tumia chombo kikubwa maana yatavimba karibu mara mbili. Sehemu za joto kama Dar es Salaam au Mombasa usipitishe saa 12 nje ya friji, yataanza kutoa povu na harufu ya kuchacha. Ukijua utachelewa, badilisha maji au weka bakuli kwenye friji.

Maji ya kuloweka yamwage. Ndani yake kuna sehemu ya zile sukari ambazo tumbo haliwezi kuzisaga, ambazo ndizo zinazoleta gesi. Unapoteza virutubisho kidogo, lakini kwa mtu anayekimbia maharage kwa sababu ya tumbo, hiyo ni bei ndogo.

Umesahau kuloweka jana? Yachemshe dakika 3, epua, funika saa 1, mwaga maji, kisha endelea na hatua ya pili. Hayatakuwa sawa na yaliyolala usiku kucha, lakini yatakuwa mbele sana ya yale yaliyobandikwa makavu.

Hatua ya 2: Kuchemsha

Weka maji mapya yapite maharage kwa vidole vitatu. Usitie chumvi, nyanya, ndimu wala ukwaju. Bandika bila kufunika, moto mkali, na yakianza kuchemka hesabu dakika 10 za kutokota kwa nguvu huku ukiengua povu.

Dakika hizo 10 ni za lazima. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili iitwayo lektini ambayo huleta kichefuchefu, kutapika na kuharisha. Joto la kuchemka kabisa huivunja. Joto la vuguvugu haliivunji. Ndiyo sababu jiko la umeme la kupika polepole, au sufuria iliyozungushiwa blanketi ili kuokoa mkaa, ni salama tu kama maharage yamekwisha kutokota kwanza kwenye moto wa kweli.

Baada ya hapo punguza moto, funika ukiacha upenyo, yaendelee kuchemka taratibu. Ya njano yaliyolowekwa huchukua dakika 45 hadi 60. Mekundu saa 1 hadi saa 1 na nusu. Maji yakipungua ongeza ya moto, kwa sababu ya baridi hushusha joto na kukurudisha nyuma. Ukiwa nyanda za juu, ongeza muda: Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi, si 100.

Kwenye sufuria ya presha, yaliyolowekwa huhitaji dakika 12 hadi 15 tangu presha ipande. Usijaze zaidi ya nusu ya sufuria. Povu la maharage huziba tundu la mvuke.

Kujua kama yameiva, toa matano kutoka sehemu tofauti za sufuria, ubonyeze kila moja kwa vidole. Yote matano yapondeke mpaka katikati bila kiini kigumu. Manne yakilainika na moja likagoma, bado.

Kama muda umepita na bado ni magumu, sababu ni moja kati ya hizi tatu: ni ya zamani, umetia kitu kichachu mapema, au maji yako ni magumu. Uchachu na madini ya chokaa vyote hukaza gundi ya asili inayoshikilia ngozi ya maharage. Wanaotumia maji ya kisima yenye ladha ya chumvi, kama sehemu nyingi za Dodoma, wanalijua tatizo hili vizuri. Hapo maji ya mvua au ya dukani hubadilisha kila kitu. Chumvi ya kawaida inasingiziwa bure: haikazi maharage. Tunaitia mwisho kwa sababu maji yanapungua jikoni, na chumvi iliyoonekana sawa mwanzoni huzidi mwishoni.

Magadi ni kweli yanalainisha haraka. Lakini huharibu vitamini B1, ambayo ni moja ya faida kubwa za maharage, na yakizidi kidogo tu unapata ladha ya sabuni na ngozi zinazochubuka na kuelea. Loweka, na magadi hutayahitaji.

Yakiiva gawanya mara mbili. Nusu moja, pamoja na kikombe 1 cha maji yake ya kuchemshia, ni ya leo.

Hatua ya 3: Tui

Anza kwa kukuna ile nusu ya nazi. Nazi ikuniwe mpaka karibu na kifuu tu. Ukikwangua ile ngozi ya kahawia tui linakuwa na rangi chafu na uchungu kidogo. Tia kikombe 1 cha maji ya uvuguvugu kwenye nazi iliyokunwa, kamua kwa nguvu dakika 2, chuja. Hilo ni tui zito, liweke pembeni. Rudia kwa vikombe 2 vya maji: hilo ni tui jepesi.

Nusu nazi inatosha. Mafuta ya nazi ni mengi na sehemu kubwa ni yale mazito yanayoganda, kwa hiyo anayeangalia moyo au uzito asipike maharage haya kwa nazi nzima. Na kwa sababu tui lina mafuta yake, hapa hatukaangi kitu. Tui au mafuta, kimoja, si vyote viwili.

Hatua ya 4: Kuunga

Kwenye sufuria pana weka tui jepesi, kitunguu kilichokatwa vipande vidogo, karoti iliyokwaruzwa, kitunguu saumu kilichopondwa, bizari, na nyanya zilizosagwa au kukwaruzwa. Chemsha moto wa kati dakika 10 mpaka harufu ya ubichi wa nyanya iishe. Hii dakika 10 ndiyo inayotofautisha mchuzi ulioiva na mchuzi unaokwaruza koo.

Sasa tia maharage na kikombe chake cha maji. Ponda kama upawa mmoja wa maharage ubavuni mwa sufuria, uyachanganye. Huo ndio uzito wa mchuzi, huna haja ya unga. Yaache yachemke taratibu dakika 15, bila kufunika, mpaka mchuzi ushike mgongo wa mwiko.

Tia chumvi. Halafu punguza moto mpaka chini kabisa ndipo umimine tui zito, ukikoroga polepole bila kuacha. Subiri mapovu madogo yaanze kutokea pembeni, hesabu dakika 3, epua. Usifunike wakati huu, na usiruhusu litokote. Likitokota kwa nguvu, mafuta hujitenga na maji na tui linakatika: utaona vipunje vyeupe na mafuta yakielea. Likishakatika bado linalika, lakini ule ulaini mdomoni umekwenda.

Hatua ya 5: Ugali wa dona

Kama una jiko moja, weka maharage pembeni sasa, yafunikwe; yatakaa na moto nusu saa bila shida.

Unga wa dona una pumba na kiini cha mahindi, ndiyo maana una nyuzinyuzi na vitamini kuliko sembe, na ndiyo maana huharibika mapema. Mafuta ya kiini yakichacha unga unanusa kama mafuta ya zamani na kuacha uchungu. Saga kidogo kidogo, wa wiki tatu nne. Na mahindi yachambuliwe kabla ya kwenda mashine: punje zenye ukungu, zilizobadilika rangi au kunyauka zitupwe, hata kuku wasipewe. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haiondoki kwa kupika.

Chemsha maji lita 1. Koroga kikombe 1 cha unga kwenye yale maji ya baridi yaliyobaki, umimine kwenye maji yanayochemka huku ukikoroga. Acha uji huo uchemke dakika 5 kamili. Wengi hukatiza hapa, na ndipo ugali unapotoka mbichi katikati. Punguza moto, tia unga uliobaki kwa mikupuo mitatu, ukisonga kwa nguvu na kuubana ubavuni baada ya kila mkupuo. Dona hunywa maji taratibu, kwa hiyo uuone mlaini kidogo kuliko unavyotaka kabla ya kuongeza unga. Funika dakika 4 kwenye moto mdogo, geuza, songa mara ya mwisho, pakua.

Hatua ya 6: Mchicha, mwisho kabisa

Mchicha haungoji. Chambua majani na ncha laini, osha mara tatu kwenye maji mengi, ukiuinua kutoka kwenye beseni badala ya kumwaga maji juu yake, ili mchanga ubaki chini. Osha ukiwa mzima, ndipo ukate. Ukikata kwanza, vitamini zinaondoka na maji ya kuoshea.

Mafuta kijiko kimoja, kitunguu dakika 2, nyanya dakika 3, chumvi, kisha mchicha wote. Usiongeze maji. Geuza mara mbili tatu, na ndani ya dakika 3 hadi 4 utakuwa umenywea ukiwa bado wa kijani kibichi. Epua hapohapo. Mafuta haya usiyaondoe kabisa: mwili unayahitaji ili uipate vitamini A ya majani.

Mezani na baadaye

Kamua ndimu juu ya mchicha na maharage baada ya kupakua. Vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na majani, na hili ni la muhimu zaidi kwa wajawazito, wasichana na watoto wadogo. Chai hufanya kinyume chake, kwa hiyo isubiri kama saa 1 baada ya kula. Chumvi yote ya mlo huu ni robo tatu ya kijiko cha chai kwa watu wanne. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai, hivyo usiweke kichupa cha chumvi mezani.

Ile nusu ya akiba itandaze kwenye sinia ipoe haraka, isikae nje zaidi ya saa 2. Kwenye friji hukaa siku 3. Kwenye friza, ndani ya mifuko yenye vikombe viwili viwili pamoja na maji kidogo ya kuchemshia, miezi 3. Iliyoungwa kwa tui haipendi friza, itakatika ikiyeyuka. Siku utakayoitoa, anza moja kwa moja hatua ya 3, au ichanganye na mahindi yaliyochemshwa upate makande ndani ya nusu saa.