Kuutembea Mji Wako kama Mgeni Baada ya Safari Ndefu

Anayerudi kutoka safari ya miezi mingi hukuta mji wake umepwaya. Kila kona anaijua, na miguu bado inawasha. Kinachokosekana ni ile hali ya kutojua njia, na unaweza kujirudishia hali hiyo kilomita chache tu kutoka mlangoni, mradi uipangie muda kama ulivyoipangia safari.

Ikiwa umevuka majira kadhaa ya saa, usiuhukumu mji mapema. Mwili hujirekebisha kwa takriban saa moja kila siku, hivyo tofauti ya saa saba hutaka kama wiki nzima. Usingizi ukikatika alfajiri, ngoja kupambazuke, vaa viatu utoke. Mitaa unayoijua kwa mchana tu huwa na watu wengine kabisa asubuhi.

Kisha chukua ramani, ya karatasi au iliyochapishwa kutoka OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni. Kwa kalamu nyekundu chora kila njia uliyokuwa ukipita kabla ya kusafiri: kazini, sokoni, ibadani, kwa ndugu. Mistari hiyo huwa michache na hurudia palepale. Gawanya ramani yote katika miraba ya kilomita moja kila upande, ipe namba miraba isiyo na wekundu, andika namba kwenye vikaratasi, upige kura. Usichague mwenyewe, maana jicho litakimbilia mahali ulipokwisha kupasikia.

Siku ya kwenda, panda basi hadi kituo cha karibu na mraba huo, ushuke, utembee. Kwenye njia panda ya kwanza pinda kulia, inayofuata kushoto, na uendelee kupokezana hivyo. Ukikuta njia imeziba, rudi kwenye njia panda iliyopita ushike upande wa pili. Mtu anayekwenda zake hutembea kilomita nne hadi tano kwa saa. Anayetazama hufika mbili. Tenga saa tatu kwa mraba mmoja, wala usiunganishe miwili.

Beba lita moja ya maji, nauli taslimu, kitambulisho na daftari. Ramani ipakue kwenye simu mapema, kisha uzime data na kuitia simu mkobani. Ni ya dharura. Spika za masikioni ziache nyumbani. Ukipotea, muulize mtu kwanza, kwani mazungumzo mengi ya safarini yalianza hivyohivyo. Nenda mchana, mwambie mtu unakoelekea, na wenyeji wakikuonya juu ya uchochoro fulani, wasikilize.

Matembezi haya huharibika hasa kwa kuchanganywa na shughuli. Ukisema utapitia kununua kitu, akili huanza kutafuta njia ya mkato na macho hayaoni tena. Kasoro nyingine ni kulinganisha kila kitu na ulikotoka. Daftarini andika ulichokiona hapo tu.

Kwa asiyependa kutembea peke yake, yapo matembezi ya bure ya Jane's Walk, yaliyoanza Toronto mwaka 2007 kumkumbuka Jane Jacobs, mwandishi wa masuala ya miji, na kusambaa miji mingi. Hufanyika wikiendi ya kwanza ya Mei, yakiongozwa na wakazi wenyewe. Kama mjini kwako hayapo, ongoza wewe: mraba mmoja ulioutembea mara mbili, kwa saa tofauti, unatosha kuwapitisha wengine.